Salha Asomaye Maandishi Madogo

Ukishuka stendi ya Same ukaulizia duka la dawa, utaelekezwa maduka manne kabla mtu hajakutajia la Salha. Si kwamba limejificha. Liko wazi kabisa, mlango wa buluu, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu za mahindi, na upepo wa Same unalipiga vumbi kama unavyoyapiga mengine yote. Tatizo ni muuzaji wake. Watu wanasema mama yule anahoji kama hakimu. Umekwenda na shilingi zako kununua vidonge vya kichwa, yeye anataka kujua unatumia nini kingine, ulipewa na nani, tangu lini, na ukibabaika kidogo tu anakurudisha nyumbani ukalete mfuko.

Mfuko ndio sheria yake. Salha anaamini kwamba kila nyumba ya Upare, iwe tambarare au mlimani, ina mfuko wa dawa. Pengine ni kikapu, pengine ni kopo la mafuta ya kujipaka, pengine ni soksi iliyobaki bila mwenzake. Ndani yake kuna vidonge vitatu vilivyobaki vya marehemu, chupa ya kikohozi iliyonata mfunikoni, bahasha ya hospitali isiyo na jina, na kitu fulani ambacho shemeji alikileta kutoka Nairobi. Salha hakuuzii dawa ya usingizi, wala ya mafua, wala ya kikohozi, kwa ajili ya mzee, mpaka auone mfuko huo kwa macho yake. Anaumwaga juu ya kaunta. Anachukua kioo chake cha kukuzia, anainama, anasoma maandishi madogo ya nyuma ya kila paketi kama mtu anayetafuta jina la nduguye katika orodha ya waliopona ajali.

Hakusoma chuo kikuu. Salha binti Abdulrahmani alizaliwa Makanya, akaishia kidato cha nne, akauza maji ya kunywa barabarani, kisha akapata mafunzo ya wiki chache ya watoa dawa, cheti chake akakitundika ukutani ndani ya fremu ya bei kubwa kuliko meza aliyoitumia. Yote aliyojifunza baada ya hapo alijifunza kwa uchungu.

Baba yake alichimba jasi miaka ishirini na sita. Alipoacha kazi, kikohozi hakikuacha kazi. Salha alikuwa na miezi mitatu tu dukani alipompelekea chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya kunywa wakati wa kulala, na mzee akafurahi kuhudumiwa na mwanawe. Ambacho Salha hakukijua ni kwamba jirani, mtu mwema kabisa, alikuwa amemgawia mzee vidonge vyake vya mafua. Mzee akanywa vyote viwili. Alfajiri akainuka kwenda kutawadha, miguu ikawa kama ya mtu mwingine, akaanguka kizingitini na kuvunjika nyonga. Wiki tatu baadaye wakamzika. Katika siku za matanga Salha aliziweka chupa na paketi kandokando, akaazima kamusi, akasoma neno kwa neno. Majina ya mbele hayakufanana hata herufi moja. Majina ya nyuma yalionyesha ni dawa za jamii moja, zote mbili za kulegeza na kusinzisha.

Siku ile hakulia. Alikuwa ameshangaa mno hata machozi hayakupata njia. Kwamba vitu viwili vyema, vilivyotolewa na watu wawili wenye upendo, vinaweza kukutana ndani ya mwili wa mtu vikawa kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekinunua! Mshangao huo haujamtoka mpaka leo, na ndio unaomfanya awe mkali.

Tena ana haki ya kuwa mkali. Wenye viwanda huandika jina la biashara kwa herufi ambazo abiria wa basi linalokimbia anaweza kuzisoma. Kilichomo ndani wanakiandika kwa herufi ndogo kama sisimizi, kwa Kiingereza, halafu ajuza wa miaka sabini na minane aliyesomea darasa la chini ya mti akidhurika, wanasema onyo lilikuwepo. Lilikuwepo! Ndiyo, lilikuwepo kama sindano inavyokuwepo ndani ya gunia la mpunga.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari, wakati ambapo Wapare waliorudi kula Krismasi milimani wanaanza kushuka kurudi Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, magari yamejaa ndizi na maharage. Mwanamke mmoja alisimamisha gari mbele ya mlango wa buluu, akaingia bila kuvua miwani ya jua. Alikuwa amevaa vizuri, lakini blauzi yake ilikuwa imefungwa vifungo kombo.

"Habari, dada. Nipe dawa ya usingizi. Iliyo kali."

"Salama. Karibu. Ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Ana umri gani?"

"Sabini na nane. Dada, nina haraka."

"Anatumia nini sasa hivi?"

"Anazotumia hazimsaidii. Ndiyo maana nimesema kali."

"Hizo zisizomsaidia ndizo ninazoziuliza."

Mwanamke akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Akasema anaitwa Victoria, anafanya kazi Arusha, na mama yake, Bibi Koleta, yuko kijijini juu ya Vudee, na hajalala siku ya nne.

"Leta mfuko," Salha akasema.

"Mfuko gani?"

"Wa dawa zake zote. Za hospitali, za gulioni, za kupewa. Zote."

"Dada, unaijua ile barabara? Nimeshuka kona zote zile na moyo mkononi, wewe unanituma nipande nikakuletee mfuko?"

Kutoka mlango wa pili, Kurwa fundi cherehani alichungulia na pini mdomoni. "Dada, huyo usibishane naye, utalala hapo. Maduka yako mengi."

"Mwambie kweli, Kurwa," Salha akajibu. "Aende. Ila yeye ni Mpare, na Mpare hashindwi nauli ya mahakamani. Anishitaki kwa kumnyima dawa. Nitafurahi tukikutana mbele ya hakimu, mama yake akiwa hai."

Victoria alitaka kucheka, kwa kuwa utani wa Wapare kupenda kesi ni utani wa kwao tangu utotoni. Kicheko kilipofika kooni kikageuka kilio. Salha akazunguka kaunta, akamketisha kwenye kiti cha wagonjwa, akashusha sauti.

"Niambie, mdomo wake umekauka?"

"Kama gome la mti. Ulimi unanata."

"Anashikashika vitu usivyoviona?"

Victoria alimtazama kwa woga. "Anachambua maharage. Hakuna maharage. Tangu juzi anachambua maharage hewani na kumkaripia baba asiyakanyage. Baba alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Watu wanasema wazee wa upande wa pili, waliotangulia, wamekuja kumchukua."

"Ngozi yake ina moto, lakini jasho hakuna?"

"Ndiyo."

"Amekojoa lini?"

Hapo Victoria alihesabu kwa vidole. Akarudia kuhesabu. "Jana asubuhi," akasema polepole. "Dada, nani amekueleza habari za mama yangu?"

"Hakuna. Mwili wake ndio unaoeleza. Mama hahitaji dawa ya usingizi. Dawa za usingizi ndizo zinazomuua. Anatakiwa hospitali leo hii, na asimeze kingine chochote njiani."

Victoria akampigia kaka yake mkubwa, Nathanaeli, aliyekuwa amebaki na mgonjwa, akaweka sauti kubwa. Nathanaeli ni mhandisi wa barabara Dodoma, mtu aliyezoea kutoa amri kwa watu wenye makoleo.

"Muuza duka?" sauti ilisema. "Victoria, nimekutuma dawa, si ushauri. Mama hataki kuguswa. Tangu jana ninambembeleza aende hospitali anashika ukingo wa kitanda. Wazee wa kanisa wanakuja saa sita kumwombea. Nunua dawa urudi."

Salha akasogelea simu. "Shikamoo, kaka. Maombi ni jambo jema. Wamwombee akiwa ndani ya gari."

Simu ikakatika, ama kwa mtandao ama kwa hasira. Salha akatazama mlima kupitia mlangoni. Akajua kwamba asipokwenda mwenyewe, binti huyu atarudi juu na maneno tu, na maneno ya muuza duka hayatamshinda mhandisi. Akampigia Fredrick, mwenye duka aliyemwajiri.

"Nakwenda Vudee. Njoo ukae dukani."

"Jumamosi? Salha! Unafukuza wateja wiki nzima, leo unafunga kabisa?"

"Ndiyo maana nakuita, lisifungwe."

"Ukirudi tutazungumza."

"Tutazungumza," Salha akasema, akachukua kioo chake cha kukuzia na kalamu.

Barabara ya Vudee inaanza katika ukame na kuishia mawinguni. Chini kuna miiba, ardhi nyekundu na mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili kuyafikia majani. Kona chache baadaye unasikia ubaridi shingoni, kisha migomba, kisha maji yanayokimbia katika mifereji waliyoichimba mababu bila kipimo chochote isipokuwa jicho. Salha, mtu wa Makanya, kila apandapo huku hukaa kimya kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada isiyo yake. Safari hii alikuwa kimya kwa sababu nyingine. Alikuwa akihesabu saa tangu jana asubuhi.

Bibi Koleta alikuwa kitandani, macho wazi, mboni zimepanuka mpaka rangi ya jicho haionekani. Vidole vyake vilichambua, vilichambua, bila kuchoka, vikitupa mawe yasiyokuwepo sakafuni. Kando yake aliketi mwanawe wa mwisho, Fanueli, yule asiyeondoka, mkulima, suruali ina matope ya mfereji. Alikuwa amekinga viganja chini ya mikono ya mama yake, kana kwamba maharage yale yangemwagika.

"Shikamoo, bibi."

"Pita pembeni," Bibi Koleta akasema kwa ulimi mzito. "Unakanyaga."

Salha akapita pembeni. Akaweka mkono juu ya tumbo la ajuza chini ya kitovu, akalikuta gumu kama ngoma iliyowambwa. Akatoka sebuleni haraka. "Leteni kila alichokimeza tangu Krismasi. Msifiche kitu."

Walileta. Victoria alileta chupa ya kikohozi aliyoinunua Arusha, kwa kuwa ilimlaza yeye mwenyewe vizuri alipokuwa na mafua. Nathanaeli alileta vidonge vya mafua vya usiku kutoka Dodoma. Vya Faraja, binti aliyeolewa Omani, vilikuwa vya buluu, ndani ya kopo zuri lenye picha ya mwezi. Alivituma kwa mtu. Fanueli alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa yenye vidonge vya njano vya gulioni, akaviweka mezani mbali kidogo na vya wenzake. Mwisho kabisa ikaja bahasha ya hospitali ya vidonge vya kutuliza miguu inayowaka, ambavyo bibi amevitumia tangu mwezi wa tisa.

Salha akainama na kioo chake. Nathanaeli alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, tayari kumkosoa. Hakupata nafasi. Kalamu ilitembea juu ya karatasi, jina la nyuma baada ya jina la nyuma, na mhandisi yule anayesoma ramani za madaraja akaona kitu ambacho hajawahi kukiona: mwanamke wa kidato cha nne akiifumua paketi moja baada ya nyingine kama fundi afumuaye mshono.

"Tazama, kaka. Kila dawa ina jina la sokoni na jina la ukoo. Jina la sokoni ni la kukuvutia. La ukoo ni hili dogo. Chako wewe na cha Fanueli, soma hapa."

Nathanaeli akasoma. "Ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja. Wewe umelipia zaidi, kwa kuwa chako kimechanganywa na dawa ya maumivu. Sasa chupa ya Victoria na kopo la Faraja."

"Kitu kimoja," Victoria akanong'ona.

"Na hivi vitu viwili ni ndugu wa tumbo moja. Hiki cha hospitali cha miguu ni binamu yao. Peke yake hakikuwa na neno, daktari alijua anachofanya. Daktari hakujua hawa wengine watakuja Krismasi. Mlidhani mama ana dawa tano. Ana dawa moja, mara tano, katika mwili wa miaka sabini na minane, na figo za umri huo. Zimekausha mate, zimekausha jasho, zimefunga mkojo, kisha zimepanda kichwani. Hao wazee wa upande wa pili hawajaja. Ni sisi tumewaalika."

Unaweza kuishi na kitu mezani siku kumi na moja usikione.

"Lakini nani alimwambia anywe zote?" Nathanaeli akauliza. "Mimi nilijua anatumia zangu."

"Mimi nilijua zangu," Victoria akasema.

Kutoka chumbani sauti ya Bibi Koleta ikapaa, kavu, ya kuamuru. "Cha mkubwa kwanza!"

Watoto watatu wakatazamana, na Salha akaona wote wameelewa kwa wakati mmoja. Ni Fanueli aliyemweleza. Katika nyumba ile, tangu wakiwa wadogo, kila mtoto aletapo kitu, mama hukionja. Awe ameleta ndizi ya kwanza ya mgomba wake, au sukari ya mshahara wa kwanza, au embe aliloliokota njiani. Mama huonja cha mkubwa, kisha kinachofuata, mpaka cha mwisho, ndipo huwashukuru wote pamoja. Kamwe hajaruka cha mtoto. Mama husema mzazi asipoonja, mtoto ameondoka mikono mitupu. Basi kila jioni baada ya kula makande na kusali, Bibi Koleta alikuwa amewaonja wanawe wanne kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao.

Salha alikaa. Amewahi kuona watu waliochanganya dawa kwa ujinga, kwa uroho, kwa haraka. Hajawahi kumwona aliyezichanganya kwa haki.

"Tumbebe," akasema akiinuka. "Sasa hivi."

Lakini Bibi Koleta hakubebeka. Aliona giza mchana ule wa saa sita kasoro, akasema jioni imeingia na hajaonja. Akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu ambazo hazikuwa za umri wake. "Nileteeni vya wanangu! Siondoki sijaonja vya wanangu!" Victoria alimshika bega, akasukumwa. Nathanaeli alijaribu kuibandua mikono, na mama yake akalia kilio ambacho hajawahi kumsikia akilia, hata siku ya msiba wa baba.

Jasho likamtoka mhandisi. "Mpeni kimoja tu. Kimoja, atulie tumbebe."

Salha alisimama mlangoni, akaujaza mlango. "Hata nusu. Kaka, nimezika baba kwa kimoja tu kilichozidi."

Hapo ndipo Fanueli alipoinuka. Alikwenda mezani, akachukua ile karatasi yake ya vidonge vya njano, akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda mpaka uso wake ukalingana na wa mama.

"Mama. Nimekuja kuchukua cha kwangu."

Vidole vikaacha kuchambua. "Cha kwako sikiachi," Bibi Koleta akasema. "Watasema nimekiacha kwa sababu ni cha gulioni."

"Hakuna atakayesema. Mimi ndiye ninayekiomba. Nilikuletea kwa mkono huu, nakirudisha kwa mkono huu. Leo tunaanzia chini, mama. Mdogo kwanza."

"Mdogo kwanza?"

"Mdogo kwanza. Kisha Faraja. Kisha Victoria. Kisha kaka. Sote tunataka vyetu."

Akaikunja karatasi mbele ya macho yake na kuitia mfukoni. Victoria alielewa, akaleta kopo la dada yake na chupa yake, akamwonyesha mama, akavitia mkobani. Akabaki Nathanaeli. Mtu yule aliyezoea kuamuru alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya kitambaa, akasema kwa sauti ya mtoto wa shule, "Na mimi, mama. Naomba na changu." Bibi Koleta akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa mboni zile nyeusi zilizopotea. Nani ajuaye alichokiona. Mkono ukaachia ukingo wa kitanda. Fanueli akageuza mgongo, na mama akapanda mgongoni mwa mtoto wake wa mwisho kama mzigo wa majani makavu.

Salha aliyasimulia mengi ya kazi yake baadaye, lakini hili alilisimulia mara chache, na kila mara alikohoa katikati. Alikuwa amekuja na kioo, kalamu na elimu yake yote, na elimu hiyo ilifika mlangoni ikakwama. Mtu mwenye matope miguuni ndiye aliyejua njia ya kuingia.

Wazee wa kanisa waliwakuta getini. Walimwombea garini, mlango ukiwa wazi, kwa ufupi, kwa sababu Salha alikuwa akiitazama saa yake bila aibu.

Hospitalini, daktari kijana aliichukua karatasi ya Salha, akaisoma mara moja, akaisoma tena. "Imeandikwa na daktari gani?"

"Hakuna daktari," Nathanaeli akajibu kwa sauti ya kusikika korido nzima. "Ni huyu mama muuza dawa."

Walimwekea bibi mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena, muuguzi akitikisa kichwa. Wakamtundikia maji. Wakampima damu, wakamwangalia moyo na ini, kwa sababu ya ile dawa ya maumivu iliyofichama katika vidonge vya Nathanaeli. Jumapili alichambua maharage, lakini polepole. Jumatatu alimwuliza muuguzi kwa nini kuta ni za kijani. Mtu mzima mwenye akili alirudi kidogokidogo katika ule uso, kama maji yanavyorudi mferejini juu yakifunguliwa: kwanza unyevu, kisha mstari, kisha sauti.

Alhamisi mchana, Salha alifunga duka kwa saa moja, akaenda kumwona. Fredrick alikuwa amekwisha kuzungumza naye, kwa urefu, na bado Salha alikuwa na kazi yake. Watoto wa mjini walikuwa wamerudi kazini. Fanueli alikuwa nje akifua kanga za mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyewanyang'anya wanangu dawa zao."

"Ni mimi."

"Kaa." Bibi Koleta alimtazama kwa macho ya kahawia, sasa yalikuwa na rangi. Akaangalia kulia na kushoto, akashusha sauti. "Nikuambie neno usimwambie mtu. Nilikuwa nalala."

"Unasemaje, bibi?"

"Nilikuwa nalala, mwanangu. Saa tisa naamka, sikatai. Mtu wa umri wangu haamki saa tisa? Lakini nalala. Mwezi wa kumi nilimwambia Nathanaeli kwenye simu, kwa kukosa la kusema, silali. Huyu mtoto hupiga mara moja kwa mwezi, anauliza afya, anaaga. Kesho yake akapiga tena! Mama, umelala? Nikasema bado. Akapiga tena. Nikamwambia na Victoria. Nikamwambia na Faraja huko Omani, analia kwenye simu. Wakawa wanapiga kila siku, Salha. Kila siku. Nilikuwa tajiri."

Kioo cha Salha kilikuwa mfukoni, na hakuna kioo ambacho kingemwonyesha hili.

"Sasa nikiwaambia nimepona," bibi akasema, "si nimekwisha?"

Nje maji yalimwagika kutoka kwenye beseni la Fanueli. Salha alifikiri kwa muda mrefu kuliko anavyofikiri mbele ya mfuko wowote.

"Waambie umelala," akasema mwishowe. "Halafu wasimulie ulichoota."

"Naota upuuzi mtupu."

"Upuuzi ndio mrefu, bibi."

Bibi Koleta akacheka, kicheko kifupi chenye mate ndani yake. Akanyoosha mkono. Salha akachukua simu ya bibi, akamtafutia jina la Nathanaeli, akabonyeza, akaweka sauti kubwa na kumpa. Ilikuwa saa saba unusu, saa ambayo wahandisi wa Dodoma wako vikaoni. Simu ilipokelewa mlio wa pili.

"Mama? Kuna nini? Hukulala?"

"Nimelala," Bibi Koleta akasema. "Nimelala vizuri kabisa." Upande wa pili watu walikuwa wakizungumza kuhusu saruji, na kwa pumzi moja Salha alidhani basi, Nathanaeli ataaga. Bibi akajisukuma juu ya mto. "Nimemwota baba yako. Yuko juu ya paa na suti ya harusi, anamfukuza kuku."

Zile sauti za saruji zikafifia. Mlango ukasikika ukifungwa, kisha kiti kikivutwa.

"Kuku yupi, mama?"